Adabu ya Shauri la Majani: Ngitili na Mazungumzo ya Kaya katika Usukuma

Katika nchi ya Usukuma, kusini ya Ziwa Viktoria, mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kukoma mwezi wa Mei. Miezi inayosalia ni ya ukavu. Shinyanga hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nayo haina ahadi ya kutegemewa: mwaka mmoja huja mapema ikakatika katikati, mwaka mwingine huchelewa hata wakulima wakapanda mbegu mara mbili. Mfugaji wa nchi kama hii, hata mvua inaponyesha, fikira zake zimo katika mwezi wa Septemba, wakati majani ya mbugani yamekwisha, visima vimeshuka, na ng'ombe hutoka zizini asubuhi wakiwa dhaifu kuliko jana. Kwa ajili ya mwezi huo Wasukuma walibuni ngitili.

Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa tangu mvua za kwanza, majani yakaachwa yamee, yakomae na kukauka yakiwa yamesimama, kisha kikafunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Zamani kilikuwa karibu na nyumba, nacho kilikusudiwa wanyama wasioweza kwenda mbali: ndama, ng'ombe wagonjwa, ng'ombe wakongwe, na, baada ya plau kuenea, maksai waliotakiwa wawe na nguvu siku ya kwanza ya kulima. Hakikuwa na ukuta. Pengine palikuwa na mstari wa minyaa, pengine mti mmoja tu uliojulikana na watu wote kuwa ndio mwisho. Kilicholinda majani yale ni neno lililosemwa na kusikiwa.

Historia ya ngitili imeandikwa zaidi kwa hesabu za hekta na za miti, na hesabu hizo zina thamani yake. Lakini hekta hazikukutana zikaamua zifungwe. Walioamua ni baba na wana, mume na mke, ndugu waliorithi ardhi ya mzee mmoja, na mara nyingine bibi kizee ambaye hakuwa na kiti mbele ya wanaume na hata hivyo neno lake likatimizwa. Namna walivyosemezana watu hao ni sehemu ya historia ya nchi ile sawasawa na amri za serikali, na yamkini ndiyo inayoeleza kwa nini amri nyingi zilikufa na ngitili ikafufuka. Yafaa pia ikumbukwe kwamba hakuna hata mmoja wao aliyedhani kuwa anazungumza juu ya mazingira, kwa maana ambayo neno hilo limepata siku hizi. Walizungumza juu ya majani, kuni, maji, ndama na mahari.

Mahali pa shauri palikuwa shikome, ule moto wa jioni uliokokwa uani, ambapo wanaume wa kaya na watoto wao wa kiume walikaa, wakaota moto, wakafundishana na kusimuliana. Wavulana waliochunga mchana kutwa walileta hapo habari za machungo. Kwa adabu ya shikome kijana hakumwambia baba yake kwamba majani yamekwisha na kwamba wakati wa kufungua ngitili umefika. Alisema ng'ombe walipita wapi, walisimama wapi kwa muda mrefu, walikunywa kisima gani, na ni kundi la nani lililokutwa huko. Baba alisikiliza, akauliza tena, akamgeukia ndugu yake, na baadaye akasema alionalo. Msomaji wa leo aweza kudhani kuwa kijana alizibwa mdomo, lakini mambo hayakuwa mepesi hivyo. Habari ilikuwa mali ya mtoto na uamuzi mali ya mzee, na mmoja hakufaa kitu bila ya mwenziwe. Mzee aliyeamua pasipo kuwauliza wachungaji alikuwa amekosa adabu kama kijana aliyeamua mahali pa mzee, na kosa lake lilionekana na watu wote ng'ombe walipoanza kuanguka.

Neno lilipovuka mpaka wa kaya lilitaka uangalifu zaidi. Ndugu wawili waliogawana ardhi ya baba yao waliweza kuwa na ngitili zinazogusana, na ng'ombe hajui mpaka. Mwenye malalamiko alikwenda asubuhi, akasalimu. Salamu ya Kisukuma haiishi kwa neno moja: baada ya wangaluka hufuata ukoo, kisha habari za nyumba, za watoto, za mifugo na za mvua, na kila swali hujibiwa mhola, yaani ni salama, hata pale ambapo usalama wenyewe una kasoro. Ndani ya maswali hayo malalamiko yalipata mlango. Aliyeulizwa habari za malisho aliweza kujibu kwamba ni salama, ila majani ya upande wa mashariki yamelala kama yaliyokanyagwa. Na mwenyeji, ambaye kundi lake lilishinda jana upande wa mashariki, alikuwa amekwisha kuelewa kabla ya kushtakiwa. Aliachiwa nafasi ya kusema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mchungaji wake alisinzia. Wageni wengi waliopita katika nchi ile waliona salamu hizi kuwa upotevu wa wakati. Kumbe sehemu kubwa ya kesi za malisho zilimalizwa humo, kabla ya mtu yeyote kutamka neno kesi.

Kwa nini uangalifu wote huu kwa ajili ya majani? Sababu ni kwamba nyuma ya majani walisimama ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe walisimama watu. Mahari ya Wasukuma ililipwa kwa ng'ombe. Kundi lililolala zizini lilikuwa na mahari ya binti aliyekwisha kuolewa, ambayo huenda ikarudishwa ndoa ikivunjika. Lilikuwa na mahari ya kijana asiyeoa bado, ambaye huwahesabu ng'ombe wale kila jioni kwa macho. Tena lilikuwa na ng'ombe wasiokuwa wa mwenye zizi hata kidogo, maana desturi ya kuwekeshana mifugo kwa jamaa na marafiki wa mbali ilienea sana, ili ugonjwa au ukame wa mahali pamoja usimalize mali yote ya mtu. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi katika serikali ya Tanganyika, alizikusanya sheria za Wasukuma katika kitabu alichokichapisha mwaka 1953, na nafasi ya ng'ombe katika kitabu hicho yatosha kuonyesha kuwa kundi moja lilikuwa fundo la haki za watu wengi. Basi aliyesema shikomeni kwamba majani hayatoshi na kundi lipunguzwe alikuwa amegusa ndoa ya mdogo wake, talaka ambayo bado haijatokea, na amana ya rafiki aliye mwendo wa siku mbili. Neno kama hilo halitupwi kama jiwe. Lilitangulizwa na mengine, likarudiwa siku ya pili, likaachwa lipoe, likashikwa tena.

Wanawake hawakukaa shikomeni. Hili lazima lisemwe waziwazi, kwa kuwa sifa za desturi mara nyingi huandikwa na watu waliokaa upande wa moto. Mke alikuwa na shamba lake la kulisha nyumba yake, naye ndiye aliyetafuta kuni na kuteka maji. Kwa hiyo alijua kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba miti imerudi nyuma hatua mia tano tangu mwaka jana. Elimu hiyo iliingia katika shauri kwa njia za pembeni. Usiku, ndani ya nyumba, alimwambia mume. Au alimwambia mwana wake mkubwa, ambaye alilipeleka neno hilo motoni kama lake. Bibi mzee alikuwa na njia iliyo nyepesi kuliko zote, nayo ni utani wa bibi na wajukuu. Aliweza kumwambia mjukuu, mbele ya baba yake anayesikia, kwamba mwaka huu atapikiwa ugali kwa kinyesi cha ng'ombe kwa sababu babu zake wamekula miti. Kila mtu alicheka, na kila mtu alisikia. Hapana shaka kwamba njia hizi zilifanya kazi. Hapana shaka pia kwamba neno linalopita katika kinywa cha mwingine hufika likiwa limepunguka, na kwamba aliyelileta ndiye aliyesifiwa.

Si haki kudhani kwamba mashauri ya adabu yalizaa hekima kila mara. Kuanzia miaka ya 1920 nchi ya Shinyanga ilianza kufyekwa ili kumfukuza mbung'o. Kazi hiyo iliongozwa kwa upande wa serikali na C. F. M. Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, na kwa upande wa wenyeji na watemi, Makwaia wa Usiha akiwa mbele yao. Maelfu ya watu walitoka na mashoka. Tofauti na amri nyingi za wakoloni, jambo hili lilipata kibali katika kaya nyingi, kwa kuwa nagana ilikuwa ikiua ng'ombe machoni pa watu na hakuna mchungaji ambaye hakuwa na habari zake za kuleta jioni. Mbung'o alirudi nyuma. Pamba ikafuata nyayo zake, hasa baada ya vita vya 1939 hadi 1945, na mashamba yakaenea. Miti mingine ikakatwa ili ndege aina ya kweleakwelea wakose mahali pa kulala. Watu walikuwa wamekubaliana, wamesikilizana, wametimiza, na wakaiacha nchi uchi. Ilichukua miaka mingi kabla ya kizazi kilichofuata kuuliza kuni zitatoka wapi.

Serikali iliona uchi huo mapema kuliko wengine, ila haikujua namna ya kuusema. Mpango mkubwa wa kuendeleza Usukuma ulianza mwaka 1947, makao yake yakiwa Malya, na D. W. Malcolm, aliyeieleza nchi hiyo katika kitabu cha mwaka 1953, alikuwa mmoja wa mabwana waliouandalia fikira. Wataalamu wa mpango walikuwa na hoja. Ardhi ilikuwa imechoka, mifugo ilikuwa mingi kuliko malisho, udongo ulikuwa ukienda na maji. Dawa yao ikaja katika sura ya kanuni na faini: matuta ya namna fulani, samadi shambani, muhogo wa akiba, na idadi ya ng'ombe wa kuuzwa mnadani kila mwaka. Kile kilichokuwa kikizungumzwa shikomeni kuwa ndoa, amana na urithi kilizungumzwa Malya kuwa idadi ya vichwa. Karani wa mtemi alifika katika kaya, akahesabu, akaandika, akaondoka. Hakuuliza ng'ombe yule mwekundu ni wa nani. Wazee walioambiwa kupunguza kundi walipewa neno moja kulitimiza kwa siku chache, neno ambalo wao wenyewe, kwa kuambiana baba na wana, wangelizungusha kwa misimu miwili.

Wapo waliotetea mambo hayo kwa methali isemayo kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni ya kweli katika nyumba ambamo mkuu amekwisha kumsikia mdogo. Nje ya nyumba hiyo ni kitisho tu. Na kwa bahati mbaya serikali ilizidi kuziba mahali pa kusemea: tangu 1954 hadi 1958 matawi ya TANU yalipigwa marufuku katika Usukuma, wakati uleule ambapo kanuni za kilimo na mifugo zilikuwa zikiwachoma watu. Shauri la majani, lililokosa kikao, likageuka kuwa shauri la siasa. Waluguru nao, katika milima iliyo juu ya mji wa Morogoro, walikuwa wamelazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 ubishi wa matuta hayo uliishia katika ghasia na kifo. Usukuma haukufika hapo kwa ajili ya ng'ombe, lakini mwishoni mwa miaka ya 1950 kanuni nyingi za Malya zilikuwa hazina mtu wa kuzisimamia. Hoja za wataalamu zilikufa pamoja na faini zao, jambo ambalo ni hasara, maana nyingine zilikuwa sahihi.

Uhuru haukuleta mara moja namna nyingine ya kusema. Mwaka 1968 Julius Nyerere aliandika kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa kulazimisha watu. Novemba 1973 alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, nayo itimizwe kabla ya mwisho wa 1976. Shinyanga ilihamishwa mwaka 1974. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na minyaa yake, zizi lake na ngitili yake, zilipangwa kwa mistari kando ya barabara. Kwa upande wa shule, zahanati na maji, wapo waliofaidi. Kwa upande wa majani, hasara ilikuwa ya namna isiyoonekana katika taarifa. Ngitili iliyokuwa hatua chache kutoka mlangoni sasa ilikuwa mwendo wa saa moja au mbili. Hapakuwa na jicho la kuilinda, na jirani mpya hakuwa ndugu wala mtani, wala hakujua ule mti wa mpaka. Salamu ndefu yaweza kuamua jambo baina ya watu wanaojua baba zao waligawana nini. Baina ya wageni wawili waliowekwa safu moja na afisa, hubaki salamu tu.

Ilipofika mwaka 1986 ngitili zilizojulikana katika mkoa mzima wa Shinyanga hazikuzidi hekta 600 hivi, katika nchi ya kilometa za mraba zipatazo 50,000. Mwaka huo ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofupishwa HASHI, kwa nguvu ya serikali na msaada wa Norway. Mwanzo wake ulifanana na mwanzo wa miradi mingi: vitalu, miche ya miti ya kigeni, na mabwana miti waliokuja na jibu tayari. Miche mingi ilikufa au ikaliwa. Kilichoutofautisha mradi huu ni kwamba wafanyakazi wake waliuliza swali ambalo Malya haikuliuliza kwa uvumilivu: wazee walifanyaje zamani? Jibu lilikuwa ngitili. Haikudai miche wala maji ya kumwagilia, kwa kuwa chini ya udongo uliochakaa visiki na mizizi ya migunga vilikuwa bado hai, vikingoja kuachwa tu. Ilidai jambo moja, nalo ni gumu: baba, wana na ndugu wakubaliane kutolisha mahali ambapo njaa ya ng'ombe inawaambia walishe.

Makubaliano hayo yalipatikana kaya kwa kaya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta katika vijiji 172, kati ya vijiji 833 vya mkoa, ngitili zaidi ya 18,000. Zilizokuwa za pamoja, yaani za kijiji, shule au chama, hazikufika 300. Zilizosalia zote zilikuwa za watu na kaya zao. Kwa mkoa mzima eneo lililofungwa lilikadiriwa kuwa hekta 350,000 hivi mwaka 2003. Hesabu hizi hunukuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba miti yaweza kurudi, na kweli ni ushahidi huo. Mtu akizisoma polepole ataona pia kwamba ni hesabu ya vikao. Kila ngitili ya kaya ina shauri lililoitangulia: kijana aliyetaka kulima pamba pale, mzee aliyetaka majani, mama aliyetaka kuni, na namna fulani ya kusema ambayo haikuwaacha maadui. Hakuna karani aliyeandika mihtasari ya vikao hivyo, na historia yake itabaki na pengo hilo.

Yaliyoshindikana nyumbani yalikuwa na mahali pa kwenda. Dagashida, baraza la kimila la Wasukuma, lilikuwa limedumu chini ya serikali zote, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu walizuka Shinyanga na nchi jirani kupambana na wezi wa ng'ombe, wakatambuliwa na sheria mwaka 1989. Vyombo hivi viwili vilikabidhiwa pia ulinzi wa ngitili. Aliyelisha katika ngitili ya mwingine aliitwa, akasikilizwa, akatozwa. Adhabu iliyoogopwa kuliko faini ilikuwa kutengwa: mtu aliyetengwa hakusalimiwa, hakupewa moto, hakusaidiwa kazi. Kwa watu wasiojua uzito wa salamu katika nchi ile adhabu hiyo yaonekana nyepesi. Aliyetengwa alikuwa amefungiwa ule mlango mmoja ambao kwao kila shauri huingia, likiwamo shauri la kuomba msamaha. Hapa heshima yaonyesha upande wake mkali, na wapo walioadhibiwa na sungusungu kupita kiasi. Jina zuri la chombo halipasi kuficha hayo.

Faida za ngitili ziliporudi hazikugawanyika sawa. Mwenye ardhi kubwa alifunga eneo kubwa, akakodisha malisho kwa asiyekuwa nayo. Maskini aliyekuwa akilisha popote alikuta popote pamefungwa. Kwa wanawake habari ni mchanganyiko. Miti iliporudi karibu, safari za kuni zilifupika kwa saa kadhaa, na hiyo ni nafuu ya kila siku ambayo hakuna hotuba iliyoweza kuileta kabla yake. Lakini ngitili iliyofungwa ni mlango uliofungwa, na mwenye ufunguo aghalabu ni mume. Ikiwa kuni kavu zitaokotwa humo, mwezi gani, na nani. Ikiwa majani yatauzwa, na fedha zitafanya nini: hayo yalibaki maneno ya shikome. Na wapo ambao hawakungoja mashauri hata kidogo. Tangu miaka ya 1970 kaya nyingi za Wasukuma zilihama na mifugo yao kwenda Usangu, Rukwa na bonde la Kilombero, ambako hawakuwa na jamaa wa kugawana nao mpaka wala mtani wa kuwatolea ukali. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wa Usangu waliondolewa kwa nguvu ya dola.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitaka kila kijiji kiwe na baraza la ardhi la watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa Usukuma alipewa na sheria kiti katika shauri la ardhi, aseme kwa kinywa chake. Karibu na kiti hicho, hata hivyo, palisimama sheria nyingine ya zamani zaidi. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo Cory alishughulika nazo hadi kifo chake, zilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto. Katika nchi ambayo ngitili ni ya kaya, na kaya ni ya mume, kanuni hiyo huamua ni nani atakayeulizwa juu ya majani baada ya mazishi.

Wajane wawili wa Shinyanga waliipeleka kanuni hiyo katika Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba ina ubaguzi, lakini ikakataa kuifuta, ikihofia kufungua mlango wa mashtaka dhidi ya mila zote. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki, ikaitaka Tanzania iwalipe fidia na kuzibadili kanuni zile. Wanawake hao walikuwa wamesema kwanza na wakwe zao, kisha na wazee, kisha na majaji, na mwisho na watu wasiowajua walioko Geneva. Katika kaya nyingi za Shinyanga ngitili hufungwa bado mvua za kwanza zinapoanguka, na wana wa marehemu hukaa jioni kuamua ifunguliwe lini. Mama yao, ambaye ndiye ajuaye kuni zitatosha hadi mwezi gani, huwatumia neno kwa mjukuu.